Mnara Uliopaswa Kufunguliwa Siku Ileile

Mara ya kwanza kumwona alikuwa ndani ya lifti ya jengo letu pale North York, mjini Toronto, amekumbatia mzigo wa kamba za mabua ya mpunga, na mama yangu akadhani anakwenda kujinyonga. Mama hakunong'ona. Kama wageni wengi wa mji ule, aliamini kwamba lugha ya nyumbani ni ukuta, na nyuma yake unaweza kusema lolote. Alisema wazi kabisa, huku akitazama namba za ghorofa zikibadilika, "Huyu mzee wa Kichina na makamba yote haya, asije akajinyonga humu tukaitwa mashahidi."

Mzee akageuka. "Hapana, mama," alisema. "Bado nina kazi. Halafu mimi ni Mjapani."

Kwa aibu mama alishuka ghorofa isiyo yetu, akanivuta na mimi, tukapanda ngazi zilizobaki. Kesho yake alimpelekea chapati zilizofunikwa kwa kitambaa. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa bado msichana wa shule ya msingi. Jina lake lilikuwepo kwenye kisanduku cha barua pale chini, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mwalimu, kwa sababu miaka ya sabini alifundisha hesabu katika shule ya sekondari moja Songea. Mkewe tulimwita Mama Mwalimu, ingawa hawakuwa na mtoto, na ingawa yeye, Mjapani aliyezaliwa Kanada, Kiswahili chake kiliishia kwenye "asante" na "pole".

Kiswahili cha Mwalimu kilikuwa kimesimama mwaka ule alioondoka Songea. Watu wote aliwaita "ndugu", hadi dereva wa basi. Mwenye jengo letu alikuwa "kabaila", na kila kodi ilipopanda aligonga mlango wetu kumpasha mama habari: "Ndugu, kabaila amerefusha mrija." Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema ni kama kufunguliwa redio ya utotoni mwake.

Mimi Kiswahili nilikisikia tu. Kujibu, nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi tuliokulia kule, na mama alikuwa amekwisha kukata tamaa. Mwalimu hakukata. Nikimjibu kwa Kiingereza alinitazama kwa upole wa mtu asiyesikia vizuri, akangoja. Aliweza kungoja mpaka chai ikapoa. Siku ya kwanza niliyotumwa kwao peke yangu nilisimama nje ya mlango nikihangaika: je, Mjapani huamkiwa shikamoo? Nikimwamkia, hatadhani namtania? Nisipomwamkia, hatadhani sina adabu? Na nikizidi kusimama hapa, jirani mwingine akinikuta, nitamweleza nini? Mlango ukafunguka.

"Marahaba," alisema. "Nimekuona kwenye tundu. Umemaliza kufikiri?"

Sikuwa nimemaliza. Mpaka leo sijamaliza, hata kuhusu yeye. Lakini Kiswahili hiki ninachoandikia, sehemu kubwa nilikipata kwenye meza yake ya jikoni.

Bafu lao lilikaa na kamba kuliko lilivyokaa na watu. Kamba ya mabua hulowekwa kwanza. Ukiifunga ikiwa mbichi, itajikaza yenyewe inapokauka. Mama Mwalimu alimlalamikia mama yangu kwa Kiingereza, uso ukiwa mkavu kabisa: "Wanawake wenzangu wanashindana na wanawake wengine. Mimi nashindana na bafu." Kamba zenyewe Mwalimu aliagiza kwao Japani, na zikichelewa alikwenda kununua za bustani huko Richmond Hill, akizitukana njia nzima ya kurudi. Kila alasiri alifunga kitu: miguu ya viti, mpini wa fagio, reli ya roshani. Mizunguko ililala ubavu kwa ubavu bila kupandana, na mwishoni kamba ilijikunja kama mbawa za kipepeo. Ilikuwa kazi ya kupendeza hata ukiwa mtoto usiyejua unatazama nini.

Kisha, kabla ya giza kuingia, alifungua kila kitu.

Katika nyumba ile hakuna kilicholala kimefungwa. Mfuko wa mchele ulikaa mdomo wazi. Viatu vyake vilikaa mlangoni vimelegezwa mpaka tundu la mwisho. Nilimwuliza kwa nini, akasema anaokoa kamba. Haikuwa kweli. Kamba iliyotumika aliitupa, na nilimwona mara nyingi akiitupa.

Alijiita mtu wa hesabu. Dini zote alizisikiliza kwa adabu ileile aliyosikilizia tangazo kwamba lifti imeharibika. Mama yangu ni Mlutheri wa kuamka alfajiri kusali, na hilo lilikuwa kama mchezo wao.

"Mwalimu, utaokoka lini?"

"Nikistaafu, ndugu."

"Si ulistaafu zamani?"

"Basi nimechelewa. Niongezee chai."

Alipenda kusimulia kwamba kule Songea mwaka mmoja ugonjwa wa kuhara uliingia bwenini, wanafunzi wakalala sakafuni wakiugulia, na wazazi wakataka aitwe mganga. Yeye, kijana, mgeni, mwenye Kiswahili cha miezi michache, alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akachora bakteria ubaoni. Akawaambia maji yachemshwe, na kwamba mengine yote ni ushirikina. Walimpigia makofi. "Nikarudi chumbani kwangu," alisema, "nikafungua kamba za chandarua, nikafungua sanduku, nikafungua kamba ya kuanikia nguo. Nikaumwa na mbu usiku kucha. Nikapata malaria." Hapo alicheka peke yake, kwa sauti ndogo, na sisi hatukujua kama tucheke.

Ilinichukua miaka kuelewa kisa kile, na nilikielewa kwa sababu ya mnara.

Katika mji alikotoka, kila kiangazi, wanaume wa kila mtaa walijenga mnara wa mbao juu ya magurudumu, mrefu kupita mapaa ya nyumba. Hawakutumia msumari hata mmoja. Mbao zilishikwa na kamba tu, ili mnara uweze kuyumba na kupinda unapokata kona bila kuvunjika. Mwaka hadi mwaka yeye na wenzake wa mtaa waliufunga wao, tangu wakiwa vijana. Mnara ulivishwa mazulia na hariri, ukapandishwa wapiga filimbi na kengele, ukakokotwa mitaani. Uzuri ule wote haukuwa kwa ajili ya watu. Ulikuwa chambo. Magonjwa yaliyojificha kwenye pembe za mji, chini ya ngazi na nyuma ya visima, yalisikia muziki, yakaona hariri, yakatoka yakaingia ndani ya mnara. Kwa hiyo ukimaliza kuzunguka, unafunguliwa siku ileile kabla jua halijazama. Ugonjwa ukikosa nyumba, unaondoka. Ukiuacha mnara umesimama, umeujengea makao.

"Na wewe unaamini hivyo?" nilimwuliza. Wakati huo nilikuwa nasomea urithi wa utamaduni chuo kikuu, somo ambalo mama alilitaja mbele ya wageni kwa kukohoa kidogo.

"Mimi? Hapana," alisema. "Ni sherehe tu. Lakini inafunguliwa."

Mwishoni mwa mwaka 2016 ikatangazwa kwamba sherehe za minara kama ile, katika miji mingi ya Japani, zimeingizwa katika orodha ya dunia ya urithi wa utamaduni. Nilikuwa nimehitimu miezi michache kabla, sina kazi zaidi ya zamu za ghala huko Brampton, na habari ile niliisoma kwenye simu ndani ya basi kwa furaha ya mtu anayedhani hatimaye shahada yake imemtaja jina. Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kugonga kwao.

Alikuwa ameshakata picha ya gazeti akaibandika kwenye friji. Nilimpongeza.

"Sisi hatumo," alisema.

Mji wake haukuwa kwenye orodha. Usingeweza kuwa. Sherehe yao ilikuwa imekufa miaka kadhaa nyuma, kwa sababu ya kawaida kabisa: hapakuwa na vijana wa kutosha kuukokota mnara. Mtaa mmoja uliacha, ukafuata wa pili, na mwaka wa mwisho wazee waliusukuma hatua chache mbele ya hekalu, wakapiga picha, wakaufungua. Mji wa jirani, uliokuwa na watalii na kituo kikubwa cha treni, ulikuwemo. "Wenzetu wamepewa cheti," alisema. "Sisi tumepewa nafasi ya kuwapigia makofi." Lakini picha kwenye friji hakuitoa.

Mimi niliianza hotuba niliyoisoma chuoni, kwamba orodha zinasaidia, kwamba zinaleta fedha na watafiti, ingawa pia zinagandisha, na kwamba kuna mjadala. Mama Mwalimu akanisogezea keki karibu na mdomo. "Kula," alisema. "Mjadala hautapoa."

Watu waliotoka wilaya ya kwao Mwalimu walikuwa na chama kidogo mjini Toronto, chenye ukumbi wa kupanga katika jengo la ofisi huko huko North York. Mwenyekiti wake alikuwa daktari wa meno, mtu wa miaka hamsini na kitu, mchangamfu, ambaye aliondoka kule akiwa mtoto na alikumbuka mnara kama anavyokumbuka mtu ndoto. Yeye ndiye aliyekuja na wazo: kama nyumbani hawawezi tena, wao wataujenga hapa. Mdogo, wa kuingia ukumbini, kiangazi cha 2017. Na duniani alibaki mtu mmoja tu aliyejua kuufunga na ambaye goti lake lilimruhusu kupanda ngazi.

Mwalimu alikubali kwa sharti moja. Alilisema mbele yangu, kwa Kiingereza, ili nisikie: mnara utafunguliwa siku ileile. Mwenyekiti akasema bila shaka, Mwalimu, bila shaka.

Sijawahi kumwona mtu akiwa na furaha ya hasira kama aliyokuwa nayo wiki zile. Aliwafokea wahasibu na wauza nyumba waliokuja kumsaidia, wanaume wenye vitambi wasiojua kushika kamba, akawafanya wafungue na kufunga tena mpaka viganja vikachubuka. "Ukifunga usichoweza kukifungua," aliwaambia, "hujafunga. Umeharibu." Mimi niliombwa niandike kibao cha maelezo kwa wageni. Nilikiandika upya mara nyingi mno, nikikosa usingizi juu ya neno moja la Kiingereza, na mwishowe kikatoka kifupi na cha kawaida.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mnara ulikuwa urefu wa watu watatu, mweusi na mwekundu, ukakokotwa kutoka ukutani hadi ukutani, kisha nje hadi kwenye maegesho ya magari, ukarudi. Ulipogeuka, mbao zililia na kamba zikajibu. Mama yangu alikataa kuingia. Alisimama mlangoni na mkoba wake kifuani. "Kitu cha kukusanya magonjwa," alisema, "mimi nikisogelee kwa sababu gani?"

"Ni sherehe tu, ndugu!" Mwalimu alimpigia kelele kutoka juu ya ngazi, akiwa amevaa koti fupi la buluu la mtaa wake, ameng'aa kwa jasho.

Jioni ilipokaribia alishuka, akakunja mikono ya koti, akaomba kisu. Mwenyekiti akamshika bega. Walikuwa wamekuja wageni wa ubalozi, na kesho atakuja mpiga picha wa gazeti. Siku moja tu. Mwalimu alitazama dirishani jua lilipo. Aliwatazama wale wanaume waliochubuka viganja, wakipiga picha na watoto wao. Akavua koti.

Siku moja ikawa wiki. Wiki ikawa mpaka sikukuu ya mavuno. Kisha wakazungushia uzio wa kamba za plastiki, wakaweka taa. Nilikuwepo siku aliyokwenda kumkumbusha Mwenyekiti ahadi yake, na sikumwona Mwenyekiti kama mtu mbaya, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi.

"Kule kwetu mbao ziko ghalani zinaoza," alisema Mwenyekiti. "Huu ndio mnara wa mji wetu uliosimama. Mmoja tu, dunia nzima. Unataka niuvunje?"

"Si wewe. Nitaufungua mimi."

"Na mwakani ataufunga nani?"

"Mimi."

"Na mwaka utakaofuata?" Mwenyekiti alisema taratibu, kama anayemwambia mgonjwa kwamba jino haliwezi kuokolewa. "Mwalimu, watoto wangu hawajui hata jina la mji. Wakiuona umesimama, watauliza. Usiposimama, watauliza nini?"

Mwalimu akainuka, tukaondoka. Njiani kurudi nilimwambia kwamba labda wote wawili wana haki, kwamba kuna namna mbili za kuhifadhi kitu. Aliniambia nimefundishwa vizuri sana, akatangulia hatua kadhaa mbele yangu mpaka nyumbani.

Mama Mwalimu alianza kukohoa majira ya majani kuanguka. Mwanzo alikohoa asubuhi, baadaye na usiku. Tulimsikia kupitia ukuta wa lifti. Daktari alisema mapafu yalikuwa yakikauka na kuwa magumu kwa miaka mingi, pengine kutokana na dawa za kiwanda cha kufulia nguo alichofanyia kazi ujana wake wote. Hakuna ambacho kingeweza kufanyika ila kumpa hewa. Mwaka 2018 aliutumia kati ya kitanda cha nyumbani na kitanda cha hospitali, na mrija wa plastiki puani. Alikonda mpaka pete ikafungiwa uzi ili isidondoke. Mwalimu aliukata uzi ule, akaiweka pete kwenye kisahani.

Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeanza mzaha. Tulikuwa hospitalini, mama yangu akimkanda miguu, Mwalimu akikunja taulo dirishani. "Mwambieni mume wangu," alisema Mama Mwalimu, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache, "mnara wake... wameuegesha kifuani mwangu."

Mama alicheka kwanza, kisha akaacha. Mwalimu aliendelea kukunja taulo lilelile. Alilikunja mpaka halikukunjika tena.

Tangu siku ile alikwenda kwa Mwenyekiti kila wiki. Hakumwambia kwamba mkewe anaumwa kwa sababu ya mnara. Asingeweza kutamka maneno hayo. Mtu aliyechora bakteria ubaoni Songea angetamkaje? Alisema tu ahadi ni ahadi. Nami, nikidhani nasaidia, nilimweleza kwamba ugonjwa ulianza muda mrefu kabla ya mnara, kwamba daktari amesema, kwamba tarehe zenyewe hazikubali.

"Najua," alisema. "Nimefundisha hesabu."

"Basi kwa nini...?"

"Basi nataka ufunguliwe."

Alikuja kwetu jioni moja, akakaa bila kuvua koti. "Ndugu," alimwambia mama, "wewe unaamini?"

"Namwamini Mungu, Mwalimu. Si unajua."

"Na ugonjwa? Una masikio? Ukiitwa, unasikia?"

Mama yangu, aliyemsubiri mtu huyu aulize swali la namna hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, hakufurahi. Aliinuka, akaenda jikoni, akafungua bomba bila kuosha chochote. Baadaye aliniambia, "Nilisema lile dude lina mapepo, akanicheka. Sasa nisingependa iwe kweli. Afadhali aendelee kunicheka."

Mama Mwalimu alifariki mwezi wa kumi na moja. Mazishini Mwenyekiti aliinama mbele ya Mwalimu, akabaki ameinama muda mrefu kuliko inavyotakiwa, kisha akampa ufunguo wa ukumbi. "Ufungue," alisema. "Nisamehe. Ufungue."

Mimi wakati huo nilikuwa nimehamia chumba cha chini ya nyumba ya watu huko Brampton, karibu na ghala. Mwalimu alinipigia simu. Hakunisalimia. "Jumatatu ukumbi umefungwa," alisema. "Njoo unishikie ngazi."

Nilikuwa nimepanga la kumwambia. Njia nzima nililipanga: kwamba sasa haina haja, kwamba alichotaka kukizuia kimeshatokea, kwamba asijitese. Nilipomkuta amesimama mbele ya mnara na koti lake la buluu, yote yakaniishia likabaki swali tu.

"Mwalimu, kwa ajili ya nani sasa?"

Alinitazama kwa mshangao, kama mwanafunzi aliyemtegemea amekosea hesabu rahisi. "Mji huu una watu, binti," alisema.

Akapanda. Mafundo ya juu aliyafungua kwa vidole, akianza na zile mbawa za kipepeo. Ya chini yalikuwa yamekauka kama mfupa kwa joto la mitambo ya jengo, akayakata kwa kisu cha jikoni. Nilishika ngazi na kuzikusanya kamba ndani ya gunia. Vumbi la mabua lilijaa hewani, likatukausha koo. Nje theluji ya kwanza ilikuwa imegeuka tope, na jua la Desemba lilikuwa limeshaanza kushuka. Kabla ya saa kumi na moja lingekuwa limezama.

Kamba ya mwisho ilipoanguka alishuka, akanisogeza nyuma kwa mkono. "Sasa utalia," alisema. "Halafu utaegemea kushoto, taratibu. Usiogope. Mimi nitaushika hapa, wewe utavuta ule mti."

Aliweka kiganja kwenye nguzo, akasukuma.

Mnara haukulia. Akasukuma tena, akaweka bega. Mbao zilisimama kama kabati. Kamba zote zilikuwa sakafuni, na mnara umesimama.

Alipitisha vidole kwenye kiungo pale kamba zilipokuwa zimefunika. Kulikuwa na chuma cha pembe, kimepakwa rangi ileile ya mbao, kimekazwa kwa skrubu. Akagusa kiungo kingine. Na kingine.

Nilimpigia Mwenyekiti, nikamweka kwenye spika. Nilimwambia tumeviona vile vyuma. "Watu wa usalama wa jengo," alisema. "Walisema ukimwangukia mtoto je? Nilitaka kumwambia. Kila alipokuja nilitaka kumwambia. Halafu mke wake..."

"Viliwekwa lini?" nikauliza.

"Wiki ileile ya sherehe, ulipokwisha kukokotwa."

Mwalimu aliichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaizima kwa kidole, akanirudishia. Akili yangu ilikuwa inakimbia, kama kawaida yake: kama kamba hazikushika chochote mwaka mzima na zaidi, basi mnara ulikuwa umefungwa au haukuwa umefungwa? Kulikuwa na kitu cha kufungua? Nilitaka kumwambia kwamba pengine sheria ile haikuvunjwa, kwa kuwa kilichosimama hakikuwa tena mnara wao. Ilionekana kwangu kuwa faraja. Namshukuru Mungu sikuitamka.

"Tafuta bisibisi," alisema.

Niliipata kwenye kabati la msafishaji. Alipiga magoti, yale magoti yake, akaanza na kiungo cha chini. Skrubu chache zilitoka. Nyingine rangi ilikuwa imeziba vichwa, na bisibisi ilizunguka tu ikivila. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto. Nikajaribu mimi, nikateleza nikajikata. Dirishani mwanga uligeuka wa chungwa, ukapanda ukutani, ukafika kwenye dari. Alikuwa anahema. Aliikaza bisibisi kwa mikono yote miwili na uzito wake wote, na sauti iliyotoka kwake haikuwa neno la lugha yoyote aliyoijua.

Kisha mwanga ukaondoka darini. Aliweka bisibisi sakafuni palepale, kama mwalimu anavyoweka chaki kengele ikilia.

"Turudi kesho," nikasema. "Tuje na mashine. Nitaazima ghalani."

"Kesho haifai. Leo ilikuwa kufungua. Kesho ni kubomoa, na kubomoa anaweza mtu yeyote." Akajishika kwenye nguzo ya mnara ili asimame, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kushika.

Tulifunga mlango, tukapanda basi. Lilijaa watu wa kutoka kazini, makoti yamelowa, madirisha yamepata ukungu. Kijana mmoja alimpisha kiti, akakaa na gunia la kamba mapajani, mdomo wa gunia wazi. Nyuma yetu mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kawaida cha Desemba, nusu ya basi walikuwa nacho. Akakohoa tena.

Mwalimu akageuka mwili mzima kwenye kiti. Aliyekohoa alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sare ya ulinzi, amechoka, ngumi mdomoni.

"Samahani," Mwalimu alimwambia kwa Kiingereza.

Yule mtu alitazama huku na huku, akijaribu kujua amekosewa nini. "Hapana, mzee, niko salama," alisema. "Ni baridi tu hii."

"Samahani sana," alisema Mwalimu, na hakugeuka mbele mpaka mtu yule aliposhuka.